Mbwa wetu na sheria: tumkazie nani, mfugaji, muuzaji au mbwa mwenyewe?

Mtoto akiumwa na mbwa mtaani, mkutano wa serikali ya mtaa unaofuata huwa na hoja mbili. Mmoja anasimama na kusema mbwa wote wanaozurura wapigwe risasi. Mwingine anasema hapana, tatizo ni haya majibwa ya kizungu yanayofugwa kwenye mageti, serikali iyapige marufuku. Watu wanapiga makofi, mtendaji anaandika muhtasari, na hakuna anayeuliza kama lolote kati ya hayo mawili litamzuia mtoto mwingine asiumwe.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba ufugaji na uzalishaji wa mbwa unahitaji sheria kali kuliko tulizonazo. Ila ukali lazima uwe na mtu wa kuelekezewa. Unaweza kumkazia mbwa kwa sababu ya aina yake. Unaweza kumkazia anayemfuga, kwa leseni na ada. Unaweza kumkazia anayemzalisha na kumuuza. Au unaweza kuacha kukaza, serikali ikabeba yenyewe mzigo wa kuwachanja mbwa wote bure. Njia zote nne zimekwisha kujaribiwa mahali fulani duniani kwa muda wa kutosha kuona zilivyokwenda, na mojawapo imejaribiwa hapahapa kwetu. Nazipitia hapa ili diwani, mjumbe, mwenye mbwa na jirani yake wajue wanaomba nini hasa wanapodai sheria.

Tunajikinga na nini?

Mwingereza anapozungumzia mbwa hatari anazungumzia meno: jeraha, nyuzi, pengine kifo cha mtu aliyeshambuliwa na jibwa la kilo 50. Kichaa cha mbwa kilitokomezwa kwa wanyama wa kule mwaka 1922, ukiacha popo wachache. Kwetu meno ni nusu tu ya habari. Mbwa mdogo wa kienyeji, asiyemtisha mtu yeyote, akikuparuza kisigino kwa jino akiwa na kirusi cha kichaa, anaweza kukuua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na watoto walio chini ya miaka 15 ni kama 4 katika kila waathirika 10. Makadirio yanayotumika zaidi ni vifo 1,500 hivi kwa mwaka Tanzania na 2,000 Kenya. Dalili zikishajitokeza hakuna tiba. Kinachookoa ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo kuanza sindano, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa jirani unayemfahamu.

Dhara la pili halisikiki sana kwa sababu anayeumia hasemi. Ni jike anayezalishwa kila anapopata joto mpaka mwili unachakaa, na watoto wake wanaotolewa kwenye ziwa mapema, wakauzwa na kufa mikononi mwa familia iliyowanunua kwa furaha. La tatu ni lile la mashambulizi yenyewe, pamoja na kelele za usiku na mbwa anayeachiwa nje ya geti akimfukuza kila mpita njia.

Madhara haya matatu hayana dawa moja. Hapo ndipo pa kuanzia kulinganisha.

Njia ya kwanza: kupiga marufuku aina fulani za mbwa

Uingereza ilipitisha Sheria ya Mbwa Hatari mwaka 1991 ikitaja aina nne: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Baada ya mfululizo wa mashambulizi ya kutisha ikaongezwa ya tano, XL Bully. Kuanzia Desemba 31, 2023 ikawa kosa kumuuza, kumzalisha, kumgawa au kumtelekeza mbwa huyo, na kuanzia Februari 1, 2024 ikawa kosa hata kuwa naye England na Wales bila cheti cha msamaha. Cheti kilikuwa pauni 92.40, na mwombaji alipaswa kumfunga mbwa kizazi, kumwekea mikrochipu, kumkatia bima, na kumvisha kifunga mdomo na kamba kila anapotoka naye. Zaidi ya mbwa 50,000 waliombewa vyeti hivyo.

Sheria hii ina mvuto na sidharau hofu iliyoizaa. Jibwa kubwa likishika mkono wa mtoto halimwachi na mkwaruzo. Lakini tazama inavyofanya kazi. Anayeamua kama mbwa ni XL Bully anatazama umbo, na moja ya vipimo ni urefu wa bega: sentimita 51 kwa dume, 48 kwa jike. Karatasi za ukoo au vipimo vya damu haviamui. Polisi ndio wanaoshika mbwa wanaoshukiwa na kuwaweka kwenye mabanda mpaka kesi iishe. Gharama hizo za mabanda na matibabu zilikuwa pauni milioni 4 mwaka 2018, na polisi wenyewe wakakadiria zitafika milioni 25 kati ya Februari 2024 na Aprili 2025. Uholanzi iliwahi kupiga marufuku pit bull mwaka 1993, kisha mwaka 2008 ikatangaza kuiondoa sheria hiyo kwa sababu idadi ya watu wanaoumwa haikushuka.

Sasa ilete kwetu. Mbwa wengi wanaoitwa Rottweiler, Boerboel au jemani shepadi mitaani ni chotara, na wachache sana wana karatasi. Ofisa mifugo wa kata, ambaye mara nyingi hana hata pikipiki ya kazi, atapita geti kwa geti na futi kamba? Na mbwa akishakamatwa atalazwa wapi wiki ishirini za kusubiri hakimu? Kubwa kuliko yote, kirusi cha kichaa hakichagui mbegu. Tukipiga marufuku kila jibwa la kizungu nchini, wale mbwa wa kawaida wa vijijini ambao ndio wengi hawatakuwa wameguswa, na vifo vya kichaa vitabaki vilevile.

Kwa mtaa wenye mageti na mbwa wakubwa wa ulinzi kuna kifungu chepesi kinachotosha: mbwa wa ulinzi asitoke nje bila kamba na mtu mzima anayemmudu, geti lifungwe, na akimuuma mtu mwenyewe alipe matibabu yote, ziwemo sindano za kichaa. Kibao cha "Mbwa Mkali" ukutani kisihesabiwe kuwa utetezi.

Njia ya pili: leseni, kodi na mtihani kwa mwenye mbwa

Hii ndiyo inayowavutia zaidi wataalamu wa kutunga sheria ndogo, kwa kuwa inaahidi mapato. Ujerumani ndiyo mfano wake mkubwa. Karibu kila manispaa hutoza kodi ya mbwa. Berlin ni yuro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza na 180 kwa kila anayeongezeka. Fedha hizo huingia kwenye mfuko mkuu wa mji, hazina lazima ya kuwarudia mbwa. Jimbo la Niedersachsen limekwenda mbele zaidi: tangu 2013 anayefuga mbwa kwa mara ya kwanza hufanya mtihani wa nadharia na wa vitendo.

Uswisi ilijaribu kitu kama hicho kwa nchi nzima. Baada ya mtoto wa miaka sita kuuawa na pit bull karibu na Zurich mwishoni mwa 2005, kozi ya lazima kwa wenye mbwa ikaanzishwa mwaka 2008. Mwishoni mwa 2016 bunge likaifuta kitaifa. Mtu mmoja kati ya watano hakuwa amehudhuria kabisa, na tathmini haikuonyesha tofauti ya wazi kati ya waliosoma na wasiosoma. Uingereza nayo ilikuwa na leseni ya mbwa kwa miongo mingi, ada ikafika peni 37, kiasi kidogo kuliko gharama ya kuikusanya, na karibu nusu ya wenye mbwa hawakuilipa. Ikafutwa mwaka 1987.

Mji ambao mfumo huu umesifika nao ni Calgary, Kanada. Sheria yao ya mwaka 2006 haikutaja mbegu yoyote. Ilimtaka kila mwenye mbwa awe na leseni, ikapunguza ada kwa mbwa aliyefungwa kizazi, na ikaifanya leseni imfae aliyeilipia: mbwa akipotea, ofisa anasoma namba na kumrudisha nyumbani. Watu walilipa kwa wingi kwa sababu waliona wanachopata.

Hapa nataka tutulie kidogo, maana kosa kubwa la sheria zetu linaweza kuzaliwa hapa. Tunawaita mbwa wanaozurura "mbwa koko" kama vile hawana wenyewe. Tafiti zilizofanywa vijijini na mijini Tanzania zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa mbwa hao wana kaya zao. Asubuhi anatoka, anashinda jalalani au sokoni, jioni anarudi kulinda mbuzi na kuku. Mwenyewe anamjua kwa jina. Ila siku ofisa akija na kitabu cha risiti kuuliza "huyu mbwa wa nani?", ua mzima utajibu hawamjui. Ada ndogo tu inatosha kumfanya mbwa mwenye kwao kuwa mbwa asiye na kwao, na mbwa aliyekanwa hapelekwi kuchanjwa na mtu yeyote.

Hili limeshapimwa. Huko N'Djamena, mji mkuu wa Chad, watafiti waliendesha kampeni za chanjo ya kichaa kwa njia mbili. Chanjo ilipokuwa bure, zaidi ya asilimia 60 ya mbwa katika maeneo ya majaribio walichanjwa. Wenye mbwa walipotakiwa kuchangia dola nne hivi kwa mbwa, waliochanjwa walikuwa karibu robo tu. Ugonjwa hauzuiwi na robo.

Kwa hiyo leseni siikatai moja kwa moja. Mahali ambapo mbwa wote wako ndani ya uzio, wanatibiwa na daktari wa mifugo na wenyewe wanajulikana, kama baadhi ya maeneo ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, mfumo wa Calgary unaweza kusimama. Kwa kijiji au mtaa wa uswahilini, usajili uwe bure na ufanyike palepale kwenye meza ya chanjo: mbwa akidungwa, anavalishwa kola ya rangi ya mwaka huo, jina la kaya linaandikwa, kadi inatolewa. Kwa njia hiyo daftari la mbwa linajijenga lenyewe, bila mtu kukimbia.

Njia ya tatu: kumbana mzalishaji na muuzaji

Mwaka 2013 jike mmoja wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliokolewa kutoka kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales. Alikuwa amezalishwa mfululizo akiwa amefungiwa mahali padogo, mgongo umepinda na nyonga zimekakamaa. Waliomchukua walimwita Lucy. Alikufa 2016, na kampeni iliyobeba jina lake ikazaa Sheria ya Lucy, iliyoanza kutumika England Aprili 6, 2020. Msingi wake ni kumwondoa dalali: mtoto wa mbwa au paka aliye chini ya miezi sita anauzwa na aliyemzalisha tu, mnunuzi anamwona akiwa na mama yake pale alipozaliwa, na mtoto hauzwi kabla ya wiki 8. Kanuni za 2018 zilikuwa tayari zimemtaka anayezalisha vizazi vitatu au zaidi kwa mwaka awe na leseni, na jike asizae zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12. Mkaguzi hutoa nyota, moja hadi tano, na mwenye nyota nyingi hupata leseni ya muda mrefu zaidi. Hapo naona busara, kwamba sheria inambana mbaya na kumpunguzia usumbufu aliye mwema.

Nchi nyingine zimekaza kwa namna zao. Jimbo la California, Marekani, kuanzia Januari 1, 2019 lilizuia maduka kuuza mbwa, paka na sungura isipokuwa waliotoka kwenye vituo vya uokoaji. Ufaransa kwa sheria ya Novemba 2021 iliondoa mbwa na paka madukani kuanzia 2024, na inamtaka mnunuzi asaini hati ya kuonyesha anajua mnyama atahitaji nini, kisha asubiri siku 7 kabla ya kukabidhiwa. Siku saba hazigharimu serikali chochote, na zinatosha kumfanya mtu aliyenunua kwa msisimko ajiulize nani atamlisha mbwa akisafiri.

Wapo walioingia hadi kwenye maumbile. Uholanzi inakataza kuzalisha mbwa mwenye pua fupi kuliko theluthi ya fuvu lake, kwa sababu wanyama hao, kama pug na French Bulldog, hupumua kwa taabu maisha yao yote. Mahakama ya Juu ya Norwei mwaka 2023 ilithibitisha kwamba kuwazalisha Cavalier kwa hali walivyo sasa kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama, kwa wingi wa magonjwa wanayorithi. Sisi tunaoishi kwenye joto la pwani tungepaswa kulitazama hilo kwa makini. Mbwa anayekoroma akiwa amelala Amsterdam anateseka zaidi mchana wa Februari Mombasa au Tanga.

Kwetu biashara hii ipo wazi. Kijana anasimama kwenye mataa au kando ya barabara kuu na boksi la watoto wa mbwa, au anaweka picha mtandaoni na namba ya simu. Anasema wana miezi miwili. Ukiwatazama meno na tumbo unaona hawajafika hata wiki sita. Mama yao hayupo na muuzaji hamjui, kwa sababu yeye mwenyewe ni dalali wa dalali. Kadi ya chanjo haipo, au ipo na mhuri usiosomeka. Familia inalipa fedha nzuri, inampa mtoto wa mbwa jina, na kabla wiki mbili hazijaisha anaanza kutapika na kuharisha damu. Ni parvo. Kirusi hicho hukaa kwenye udongo na vyombo kwa miezi, kwa hiyo boksi moja lenye mgonjwa linaambukiza kila anayefuata. Mtoto wa mbwa aliyeachishwa ziwa mapema hana kinga ya kutosha ya mama wala ya sindano, na hajapata wiki zile muhimu za kucheza na nduguze ambamo mbwa hujifunza kuzuia nguvu ya meno yake. Sehemu ya "ukali" tunaoulalamikia mwaka unaofuata ulitengenezwa pale kwenye boksi.

Tuna vipande vya sheria. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360. Nairobi kuna East Africa Kennel Club inayosajili mbwa wenye ukoo, na shirika la KSPCA linalookoa wanyama. Lakini klabu inamfikia anayejiunga kwa hiari, na sheria ya ukatili inasubiri mnyama ateswe ndipo iamke. Kinachokosekana ni kanuni inayomfikia muuzaji kabla ya kuuza.

Naipenda njia hii kwa sababu ya watu inaowagusa. Wazalishaji na madalali ni wachache ukilinganisha na wenye mbwa, wanapata fedha, na wanajitangaza wenyewe. Ofisa mifugo hahitaji kugonga milango elfu. Anahitaji simu na nusu saa mtandaoni. Udhaifu wake upo na England imeuona: wauzaji wengine hukodi jike wa kujifanya mama, na wengine huingiza watoto kutoka nje ya nchi. Kwetu mipaka ni myepesi kuvukwa kuliko bahari yao. Tena lazima mstari uchorwe vizuri, bibi wa Iringa ambaye mbwa wake kazaa watano na anawagawia majirani asitendewe kama mfanyabiashara. Ningechora mstari kwenye fedha: anayeuza hadharani anahitaji leseni, anayegawa bure hahitaji.

Njia ya nne: chanjo ya bure kwa kila mbwa

Njia hii haina makali yoyote kwa raia, na ndiyo iliyookoa maisha mengi kuliko zote tatu zilizotangulia. Kanuni yake inajulikana: ukiwachanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kila mwaka, mnyororo wa maambukizi unakatika hata kama waliobaki hawajaguswa.

Kisiwa cha Pemba kimelionyesha hilo kwa uwazi adimu. Watafiti walifuatilia kila mbwa aliyeshukiwa kuanzia 2010 hadi 2020 na kusoma vinasaba vya kirusi. Mwaka 2010 minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Chanjo ya kisiwa kizima ilipoanza na kuboreshwa mwaka hadi mwaka, yote mitano ilikatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 kirusi kikaingizwa tena kisiwani mara mbili na mlipuko ukarudi. Chanjo ikarejeshwa, na Oktoba 2018 ugonjwa ukaondoka tena. Hayo yalifanyika mahali ambapo kaya nyingi, kwa sababu za kidini, hazimgusi mbwa wala kumwingiza ndani, na mbwa wengi ni wa kulinda mashamba na kuwinda. Kama asilimia zinazohitajika zilipatikana Pemba, sioni kisingizio cha wilaya ya bara.

Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti navyo vimechanjwa kwa miaka mingi. Ukienda siku ya chanjo utakuta foleni chini ya mti, na wengi walioshika kamba ni watoto, kwa kuwa mbwa huwatii wao. Kikwazo kikubwa kilikuwa barafu: chanjo ilidhaniwa lazima ikae kwenye ubaridi mpaka dakika ya mwisho. Majaribio ya kitaalamu yakaonyesha kwamba mojawapo ya chanjo zinazotumika sana inabaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Maana yake ni kwamba kijiji kisicho na umeme kinaweza kutunza dozi zake chenyewe na kuchanja mwaka mzima, pamoja na watoto wa mbwa waliozaliwa baada ya kampeni. Hao wasiachwe kwa madai kwamba hawajafika miezi mitatu, maana Shirika la Afya Duniani linataka nao wachanjwe.

Kuhusu risasi na sumu, ambazo mkutano wa mtaa huzidai, Bali walishajaribu. Kichaa kilipoingia kisiwani humo mwaka 2008 maelfu ya mbwa waliuawa, wakiwemo waliokwisha kuchanjwa. Watu wakaficha mbwa wao, wakawahamisha, wakachukua watoto wapya wasio na kinga, na ugonjwa ukasambaa. Vifo vilianza kushuka baada ya chanjo ya kisiwa kizima kuanza 2010.

Chanjo nayo ina mipaka yake. Haipunguzi kuumwa, haimtulizi anayebweka, haimwokoi jike wa kuzalishwa. Na ukiiacha mwaka mmoja unarudi nyuma, kama Pemba ilivyorudi.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa gharama, marufuku ndiyo ghali kuliko zote kwa kila mbwa inayemgusa, kwa kuwa kila kesi inahitaji polisi, banda na mahakama. Chanjo ina gharama inayoonekana kwenye bajeti, lakini ilinganishe na inachokwepesha: Shirika la Afya Duniani hukadiria kumtibu mtu mmoja aliyeumwa kwa wastani wa dola 108, na familia nyingi zetu hulipa hiyo mfukoni, pamoja na nauli za kurudi hospitali mara kadhaa. Leseni inaahidi kuingiza fedha na mara nyingi inaishia kula fedha. Kumbana muuzaji kunaweza kujilipia, kwa kuwa ada inatoka kwenye faida.

Kwa vifo vya kichaa, chanjo pekee ndiyo inayofika. Kwa mateso ya wanyama na watoto wa mbwa wanaokufa, ni kumbana muuzaji. Kwa mashambulizi ya majibwa ya mageti, dhamana ya mwenye mbwa inafaa kuliko orodha ya mbegu. Leseni inasaidia ikija nyuma ya chanjo, inaharibu ikitangulia.

Kwa hiyo kama wewe ni diwani au mjumbe wa bunge la kaunti na unaandika sheria ndogo kesho, ningekuomba ufuate mpangilio huu. Weka kwanza wajibu wa halmashauri yenyewe: chanjo ya bure kila mwaka, kila kata, na shabaha ya asilimia 70 iandikwe kwa tarakimu ili iweze kudaiwa. Kifungu cha pili kimguse muuzaji: hakuna kuuza barabarani, hakuna kuuza chini ya wiki 8, mama aonekane, kadi ya chanjo iwe na jina la daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Cha tatu kimguse mwenye mbwa wa ulinzi, kwa geti, kamba na fidia. Usajili uambatane na chanjo, bila ada. Orodha ya mbegu iache kabisa kwa sasa.

Na kama wewe ni mnunuzi, sheria yako unaweza kuianza leo bila kumsubiri mtu. Muombe muuzaji akupeleke alipo mama. Akianza kutoa sababu, ondoka, hata kama yule mdogo amekwisha kulala mkononi mwako.

Jambo la kukumbuka kwa anayetaka kulisukuma hili: mwaka wa fedha wa halmashauri za Tanzania na kaunti za Kenya huanza Julai 1, wakati Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28. Kila mwaka hotuba hutolewa Septemba, bajeti ikiwa imeshapita. Dozi za chanjo zinatakiwa kuombwa kwenye vikao vya kata na maoni ya wananchi miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa idadi ya mbwa wa kata hiyo, waliohesabiwa na wenyeji wenyewe nyumba kwa nyumba.